Mpaka Mtoni

Shangazi yangu hupaka miti rangi. Nikisema hivyo watu hudhani natania, kwa hiyo hulazimika kueleza: kuna bonde lenye msitu, chini ya bonde kuna mto, ng'ambo ya mto ni nchi ya watu wengine, na ndani ya msitu mna njia saba za watu wanaotembea kwa miguu kwa kupenda kwao wenyewe. Mtu anayetembea kwa kupenda kwake hupotea upesi kuliko anayetembea kwa shida, maana macho yake yako kwa ndege. Ndiyo sababu ofisi ya njia iliajiri mtu wa kuweka alama za manjano kwenye miti na mawe, na mtu huyo, huu mwaka wa kumi na tisa, ni Shangazi. Ofisini wanamwita Bi Manjano. Mume wake, ambaye ni fundi saa, naye humwita hivyo akiwa na shida ya kitu.

Alama yake ina upana wa vidole vinne na urefu wa shubiri moja. Kwanza husugua gome kwa brashi ya waya mpaka kuvu ya kijani itoke, halafu hufuta kwa tambara, halafu husubiri unyevu ukauke huku akisengenya mti wenyewe, kwamba huu unabandua magome kila msimu na hauna shukrani. Kanuni yake ni kwamba ukisimama penye alama, uione inayofuata bila kuzungusha shingo kama bundi. Akimaliza njia kwenda chini hugeuka akaipaka tena kwenda juu, kwa sababu mti una uso na mgongo, na anayerudi naye ana haki ya kufika nyumbani. Mstari mmoja maana yake endelea. Miwili, mmoja juu ya mwingine, maana yake angalia, njia inakata kona. Kabla ya kuondoka mahali huvua miwani akatazama. Alama isiyoonekana bila miwani, anasema, si alama, ni siri.

Barua iliyoleta kasheshe ilifika mwanzoni mwa mwezi. Shangazi aliifungulia katika chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana ya mumewe: meza yenye taa ya kuinama, vikopo vya skrubu ndogo kama mbegu, na ukutani saa kumi na moja ambazo hakuna mbili zinazokubaliana.

"Njia ya tatu," alisoma. "Unaagizwa kuweka alama mpaka mtoni kabla ya tarehe kumi."

"Si ziko tayari mpaka mtoni?" mumewe aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ziko mpaka ukingoni. Ukingo si mto."

"Kwa hiyo wanataka mtu atembee juu ya maji."

"Kuna mawe tisa, mzee. Kiangazi unavuka bila kulowa."

Fundi saa aliichukua barua, akaitazama kwa kile kioo anachobana jichoni. "Mtoni, ndivyo ilivyoandikwa. Muhuri upo, sahihi ipo. Mimi ningesema wanakuambia ukaoge."

Mimi pia niliisoma barua hiyo na sikuona kasoro. Na Shangazi, kusema kweli, hakutaka kuiona. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifika ukingoni, anaweka alama ya mwisho, kisha anayatazama yale mawe kama mtu anavyotazama sahani ya jirani.

Alishuka siku ya Jumatano. Mto ulikuwa mwembamba na wenye adabu. Kopo la rangi alilifunga kiunoni kwa kamba, viatu akavitundika shingoni, akapaka jiwe la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kwenye la tano akaishia, kwa kuwa kila mtu wa bonde lile anajua nchi inakwisha katikati ya maji, na jiwe la katikati ndilo hilo. Akaweka mstari wake mmoja, akavua miwani, akaridhika. Alirudi nyumbani ana rangi kwenye nyusi, akala sahani mbili.

Jumamosi wakashuka wastaafu. Hiki ni chama cha watu kumi na wanne wanaotembea kila wiki kwa amri ya madaktari wao, wakiongozwa na mwalimu mstaafu mwenye filimbi, mama ambaye miaka thelathini ya ubao na chaki imemfundisha kuwa agizo ni agizo. Walifuata manjano kutoka getini mpaka ukingoni, na kutoka ukingoni mpaka jiwe la tano. Hapo Mwalimu akatafuta alama ya sita, asiione. Akafikiri. Mstari mmoja maana yake endelea, na hakuna aliyeandika rudi. Akapuliza filimbi, wakaendelea.

Askari wa ng'ambo alikuwa peke yake kibandani akishona kifungo cha shati. Alipotoka alikuta wazee kumi na wanne wamekaa kwenye nyasi za nchi yake wanavaa soksi. Hakuna aliyekuwa na pasi. Mmoja alikuwa na kadi ya maktaba. Aliwapa chai, akaandika majina yao wote kwenye daftari, na zikapita saa tatu na simu sita kati ya ofisi mbili kabla ya kuruhusiwa kurudi walikotoka, kwa mawe yale yale.

Jumatatu Shangazi aliitwa.

Ofisi ya njia ni vyumba viwili vyenye ramani nyingi kuliko viti. Meneja alikuwa mgeni, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, na hata katika hasira zake alianza na adabu, maana Shangazi ana umri wa mama yake.

"Shikamoo, Bi Manjano."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaa." Kiti kilikuwa na ramani. Shangazi akabaki amesimama. "Umepeleka wazee kumi na wanne nje ya nchi."

"Nimeweka alama mpaka mtoni, kama mlivyoandika."

"Mimi niliagiza alama ya mpaka. Alama ya mpaka, pale mtoni. Ili watu wasimame."

Shangazi alifungua mkoba, akatoa barua, akaiweka juu ya ramani. Meneja aliisoma mara mbili. Lilikuwa limekosekana neno moja, tena la herufi mbili. Akamtazama karani, binti mwenye wiki ya tatu kazini. Karani akaitazama kompyuta kana kwamba ndiyo itakayojibu.

"Sahihi ni ya nani?" Shangazi aliuliza kwa upole.

"Ni yangu," alisema meneja, ingawa si papo hapo.

"Basi tuko watatu. Na mimi ningeweza kuuliza. Sikuuliza kwa sababu nilipenda nilichosoma."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu sita. Akaeleza mambo waziwazi. Mkataba wa Shangazi ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Kulikuwa na vibao vya chuma vyenye namba ambavyo ukishavipigilia havihitaji mtu wa kurudi kila kiangazi na kopo, na yeye alikuwa akivipenda hata kabla wazee hawajavuka.

"Futa mawe yote matano," alisema. "Weka alama ya mpaka ukingoni. Jumamosi nashuka mwenyewe pamoja na wale wale wastaafu. Akilowa mtu mguu hata mmoja, naagiza vibao, na mkataba hatuandiki tena."

"Na asipolowa mtu?"

"Tutazungumza."

Nyumbani fundi saa alisikiliza habari yote huku ameshika saa ya mteja kwa koleo ndogo. "Neno lenyewe ni 'ya' tu? Ungeniambia ningekuongezea mimi, ninazo nyingi." Mkewe hakucheka. Akajaribu tena. "Wakikufukuza utakaa hapa na mimi, nikufundishe kufungua saa."

"Nitazipaka rangi."

"Basi lazima ubaki na kazi yako."

Hapo alicheka kidogo, lakini niliona ameisafisha brashi ile ile mara tatu.

Jumanne alikwenda kufuta. Hakutaka kumwaga dawa mtoni, kwa hiyo alisugua kwa waya na mchanga, amepiga magoti juu ya jiwe, maji yanampita pande zote mbili. Rangi ya mafuta ikishaingia kwenye vitundu vya jiwe haitoki yote. Kufikia saa sita manjano yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya juzi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alama mpya mtu anaweza kuitilia shaka. Alama iliyochakaa huaminiwa, maana inaonekana imeshawafikisha wengi.

"Shikamoo, mama," ilisikika sauti kutoka ng'ambo. Askari alikuwa amechuchumaa ukingoni kwake akiosha bakuli.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyewapa wageni wangu chai?"

"Ndiye mimi. Ukituma wengine, uwape na sukari."

"Walisemaje, hao?"

"Niliwauliza, mmevukaje? Wakasema, tumefuata alama. Nina miaka minne hapa sijaona watu watiifu namna ile. Yule wa filimbi alinisahihishia tahajia kwenye daftari."

Shangazi alipumzisha mkono. "Nimeagizwa niweke bango la mpaka huku kwetu."

"Huku kwetu lilikuwepo. Kubwa, jekundu."

"Likasaidia?"

"Sana. Watu walilitundikia nguo wakienda kuogelea. Halafu akaja mmoja alitaka kulipiga picha, sasa herufi zilikuwa zinatazama kwenu, akavuka ili azipate vizuri."

Hata hivyo agizo ni agizo. Mchana huo Shangazi alichagua jiwe pana la ukingoni, akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama viatu: MPAKA. Halafu akakaa kivulini kwenye kichaka ale mkate wake wakati rangi inakauka. Hakuwa amemaliza kipande cha kwanza walipofika kijana na mchumba wake, wameshikana mikono.

"Mpaka," msichana alisoma.

"Mpaka wapi?"

"Hawajamalizia. Labda rangi iliwaishia."

"Itakuwa mpaka ng'ambo. Si unaona kwenye mawe kuna alama, zile za zamani?"

Wakaanza kufungua kamba za viatu. Shangazi alitoka kichakani, akawaamkua, akawaambia mto una mamba. Mto hauna mamba. Walimshukuru wakarudi juu upesi, na yeye akakaa juu ya neno lake lenyewe, rangi mbichi ikimshika sketi, akaona vizuri kwamba Jumamosi atafukuzwa kazi.

Alirudi ameinamisha kichwa. Jioni, fundi saa akimsugulia sketi kwa mafuta ya taa uani, Shangazi alizungumza kama mtu anayejihesabia vidole. "Mtu akitembea saa mbili halafu umwambie mwisho, hakubali. Atatafuta pa kuendelea, hata kama ni maji. Kosa si la neno."

"Sasa utafanyaje?"

"Nisimwambie mwisho."

Mahali penyewe alikuwa akipajua siku zote. Hatua mia kabla ya kufika ukingoni, nyuma ya mti uliopigwa na radi, kulikuwa na njia ya zamani ya kukokotea magogo, imefunikwa na majani lakini bado bapa chini ya mguu. Ilifuata mto kwa juu juu, ikapanda taratibu hadi kwenye mwamba mpana, kisha ikashuka kuungana na njia ya tatu penye daraja la pili la kijito cha msituni. Hakuna aliyekuwa amemwagiza aifungue. Kwenye ramani haikuwepo. Kama meneja angetaka sababu ya kumwondoa, hii peke yake ingetosha. Shangazi alilijua hilo, na Jumatano saa moja asubuhi alikuwa huko na panga.

Alifyeka siku nzima. Alhamisi alipaka. Kwenye mti wa radi aliweka mistari miwili, minene, na baada ya hapo alama kila hatua nane, karibukaribu kuliko popote katika bonde, kwa sababu mtu anayeacha njia iliyonyooka anahitaji kushikwa mkono mwanzoni. Zilipofika ishirini ndipo akaanza kuziachanisha. Upande wa kwenda ukingoni alisugua alama zote za zamani, akazipaka matope, akaacha majani makavu yalale njiani kama yalivyotaka.

Ijumaa alimpeleka mumewe. Fundi saa huwa hatembei, na akiwa nje ya mtaa wake hupotea hata akienda kunyoa. Shangazi alimwacha kwenye daraja la pili, akamwambia ateremke peke yake afuate manjano, kisha akazunguka akamsubiri mwambani. Baada ya nusu saa akatokea, anapepea kofia.

"Mto uko wapi?" aliuliza.

"Uko chini. Umeshaupita."

"Mbona sikuuona?"

"Ungeuona ungeuingia."

Akakaa chini kuvuta pumzi. "Pazuri hapa," alisema, na kwa kuwa yeye si mtu wa kusifu kitu kisicho na springi ndani yake na gurudumu la meno, Shangazi alilichukua kama cheti.

Jumamosi nilishuka nao, nyuma kabisa. Mwalimu alitangulia na filimbi, wastaafu wakamfuata kwa mstari mmoja, kisha meneja na ramani yake kwenye mfuko wa plastiki, kisha Shangazi, ambaye siku hiyo hakubeba kopo na hakujua aiweke wapi mikono yake. Kwenye mti wa radi Mwalimu aliinua uso, akasoma mistari miwili, akakata kulia bila kupunguza mwendo. Wote kumi na wanne wakakata kulia.

Meneja akasimama. "Njia siyo hiyo."

"Fuata alama, mwanangu," Mwalimu alimwambia bila kugeuka.

"Bi Manjano, hii ni nini? Hii haipo." Alikuwa ameikunjua ramani. "Njia inakwenda moja kwa moja. Na bango langu liko wapi?"

"Lipo ukingoni, jekundu. Nimeliandika vizuri."

"Nataka kuliona." Akashika njia ya majani makavu, peke yake, ramani mbele ya uso kama mtu anayesoma gazeti.

Shangazi hakumzuia. Alinitazama mara moja, uso hauna kitu, akawafuata wastaafu. Tulipofika mwambani wao walikuwa wameshatua vikapu. Kutoka pale mto unaonekana wote, kona yake, mawe tisa makavu, na kibanda cha askari na shati limeanikwa. Hakuna mtu aliyeulizia kuvuka. Walikuwa wakigombania kivuli. Mwalimu, aliyekuwa amesikia habari za lile sharti, maana bondeni hakuna siri, alipuliza filimbi akaamuru kila mtu anyooshe miguu mbele.

"Ishirini na minane," alitangaza baada ya kukagua. "Yote mikavu."

Dakika chache baadaye meneja akatokea kwa njia ya magogo, amefuata manjano kama watu wengine. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kikilia kama chura. Mzee mmoja alilazimika kugeukia mtoni ili acheke.

"Ukingo una utelezi," alisema meneja.

"Bango umeliona?" Shangazi aliuliza.

"Nimelisoma. Nikiwa nimeshalowa."

"Pole, mwanangu."

Mwalimu alikuwa anamtazama kama wanavyotazamwa wanafunzi waliochelewa. "Ilikuwaje ukaenda kule?"

"Nilifuata ramani," alisema, na nadhani alijisikia mwenyewe akisema, kwa sababu aliikunja taratibu kwenye mikunjo yake yote, akairudisha mfukoni. Kisha akakaa mwambani kando ya Shangazi, akavua kiatu, akamimina maji, akavua soksi akaitandaza juu ya jiwe lenye jua. Kwa muda mrefu alitazama chini, pale mawe yalipokuwa yamekaa bila mtu juu yake.

"Nilisema akilowa mtu hata mmoja," alisema.

"Ulisema."

"Mimi nilikuwa nawafikiria wao."

"Najua."

Meneja alifuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Mwaka mmoja," alisema. "Na hii njia tuiingize kwenye ramani, kabla mtu hajaniuliza imetoka wapi."

Kifua cha Shangazi kilishuka, nikaona kwa mara ya kwanza wiki ile mabega yake yakikaa mahali pake. Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Yeye aliyatazama magome ya miti iliyozunguka mwamba, mmoja baada ya mwingine, kwa jicho lake la kusengenya.

"Miwili," alisema. "Miti ya huku chini inabanduka. Mvua ya kwanza itakula nusu, na mwaka wa pili ndipo rangi hushika."

"Bi Manjano."

"Nakwambia kazi ilivyo."

Meneja alinyoosha vidole vya mguu wake kwenye jua, vyeupe, vimekunjamana kwa maji. "Soksi ikikauka nitakujibu," alisema.

Shangazi akaigeuza upande wa pili ili ikauke vizuri, akafungua mkate wake, akamkatia nusu.